Mama Anapohamaki

Mwaka jana nilikuwa mtaalamu wa hisia za watu. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee. Sifa zangu zilikuwa cheti cha kidato cha nne, hedifoni iliyoshikwa na selotepu upande wa kushoto, na kipawa cha kukaa ndani ya chumba kimoja pale Free Area, Nakuru, siku nne mfululizo bila kuliona jua wala kulitamani. Kwa sifa hizo nikaajiriwa kufundisha mashine ibashiri ni mtu mzima gani atakayepata shida kuzimudu hisia zake. Mimi, ambaye stima ikipotea kabla sijahifadhi kazi, huitukana soketi mpaka jirani agonge ukuta.

Mwaka huohuo tulikuwa tunamhamisha mama kutoka Elburgon. Kwa akili yangu, hizo zilikuwa habari mbili tofauti.

Nianze na ya mama. Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye ile nyumba ya mabanzi nje kidogo ya mji, na ng'ombe wawili wa gredi, shamba la viazi, na goti la kulia lililokuwa limeanza kutoa maoni yake kila asubuhi. Mvua za mwezi wa nne zikamwangusha karibu na zizi. Alikaa hapo kwenye tope hadi mtu wa kubeba maziwa alipopita, na hata huyo, alipomkuta, mama alimkaribisha chai kabla ya kumwomba amwinue.

Kaka yangu ndiye wa kwanza kuzaliwa, mimi wa mwisho, na Mungu alipofika kwangu bidii ilikuwa imeisha kwenye debe. Kaka anauza mabomba na mifereji mjini Nakuru, na kila shida ya binadamu huiona kama bomba linalovuja: tafuta mahali, ziba, nawa mikono. Aliposikia habari ya tope akatupigia simu mimi na mama kwa pamoja.

"Mama, hilo goti na huo utelezi hazipatani. Utakuja ukae kwangu. Chumba kiko tayari, kina taili, choo kiko ndani kwa ndani."

Nilisikia kuku.

"Sawa tu," mama akasema.

"Kweli, mama?"

"Ni sawa tu. Nyinyi ndio mnajua."

"Na wewe wa laptopu, unasema aje?"

Nikasema ni wazo la hekima, na kwamba usalama wa mama unakuja mbele ya yote. Kilichokuwa mbele ya yote, kusema kweli, kilikuwa mukimo. Kutoka kwangu hadi kwa kaka ni mwendo wa dakika ishirini, wa kutembea kwa kandambili. Ningekula chakula cha mama kila Jumapili bila kupanda kwenye ile baridi ya Mau. Basi mtaalamu wa hisia akapiga kura kwa tumbo, na ikaamuliwa mama ahame Jumamosi moja baada ya viazi kuvunwa. Ng'ombe wangeuzwa. Shamba lingekodishwa. Nyumba ingefungwa kufuli.

Sasa ile kazi. Kampuni fulani ya ng'ambo ilikuwa inarekodi sauti za watu wazima wa pande zetu, waliokubali wenyewe kwa saini: Molo, Keringet, Elburgon, hadi Kabazi. Wasichana na vijana wenye tableti walizunguka vijijini wakiuliza maswali: ukikasirika inakuwaje, ukihuzunika unafanya nini, ukiogopa unalala? Majibu yalikatwa vipande vifupi, vikanifikia chumbani kwangu. Mimi nasikiliza, nabandika lebo. Hasira. Huzuni. Woga. Furaha. Ametulia. Kisha nabonyeza tena: anaimudu, au inamshinda? Mashine hula lebo hizo, nyingi sana, za kwangu na za wenzangu, hadi yenyewe ianze kuona mtindo: pumzi ikikatika hivi, neno likirudiwa hivi, huyu mtu miezi ijayo ataelemewa. Nia ilikuwa njema. Mshauri angempigia simu mapema, kabla sahani hazijaanza kuruka.

Jirani yangu, mama wa chumba cha pili anayekaanga mandazi mlangoni, hakuwahi kuielewa hii kazi.

"Boss, unaskiza watu wakilia, halafu unabonyeza?"

"Nafundisha mashine, mathe."

"Inafundishwa kulia?"

"Kutambua mtu mwenye hisia zinazomshinda."

"Na mimi niko hapa bure? Si ungeniuliza. Wewe ukikosa mandazi ya saa nne unakuwa kama kuku ametolewa kwa mayai."

Supavaiza wetu alikuwa dada wa digrii mbili aliyekaa Nairobi. Tulionana naye kwenye skrini kila Jumatatu. Siku moja akasema wanahitaji sauti zaidi za watu wa umri mkubwa. Nikainua mkono kama mtoto aliyejua jibu. Nikatoa namba ya mama. Kisha nikampigia mama mwenyewe, kwa sauti ya mtu mwenye ofisi.

"Mama, kuna msichana atakuja hapo na tableti. Atakuuliza maswali. Mwambie ukweli wote, usifiche kitu."

"Ni wewe umemtuma?"

"Ni sisi," nikasema. Ile "sisi" ya serikali. Sijui niliitoa wapi.

"Basi nitamwambia," mama akasema, na nikasikia kama amefurahi.

Wiki mbili baadaye nikiwa na kikombe mkononi, sauti ya mama ikaingia masikioni mwangu. Faili zilikuwa na namba badala ya majina, lakini nani asiyeijua sauti iliyomwita mara elfu akalete kuni? Ili faili ziwe nyepesi, swali lenyewe lilikuwa limekatwa. Tulipata jibu peke yake, na juu yake kichwa kilichosema ni kundi gani. Hili lilikuwa kundi la HASIRA.

"Aah, hiyo usiniulize, mami," mama alisema. "Usingizi hakuna. Chakula nakiangalia tu. Asubuhi najipata nimesimama hapo nje, naangalia ng'ombe kama mtu amepoteza kitu. Moyo unapiga hivi, tup, tup. Lakini utafanyaje? Ni sawa tu."

Sheria ilikuwa wazi: ukimfahamu anayeongea, rudisha faili. Naifahamu sheria hiyo vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyewasomea wageni wa kazi. Nikaisikiliza mara tatu.

Mama na hasira! Mwanamke ambaye mbuzi wa jirani alikula kabeji zake, akamrudisha mbuzi kwao pamoja na salamu. Na hapa anasema hali wala halali kwa hasira. Nikaanza kutafuta mkosaji. Labda ni mtu wa maziwa. Labda ni mimi, umri huu wote, bila mke, bila mtoto, na godoro la kijana wa chuo. Nikacheka peke yangu, nikatikisa kichwa, nikabonyeza: HASIRA. INAMSHINDA. Nilibonyeza mwenyewe, kwa kidole hiki hiki.

Mwezi huo mashine ikatoa ubashiri wake wa kwanza. Ilikuwa orodha ya namba, zingine kijani, zingine nyekundu. Namba ya mama ilikuwa nyekundu kama tumbo la tikiti maji. Na hakuwa peke yake. Karibu wazee wote wa Molo, Keringet na Elburgon walikuwa wamewaka. Vijana wao, watu wa kupiga honi na kutukanana stejini, walikuwa kijani tulivu.

Supavaiza alifurahi hadi kamera yake ikatetemeka. "Guys, tumepata kitu. Wazee wa milimani wana hasira kali sana imejificha chini ya upole. Mashine imeona kitu binadamu hawezi kuona."

Tukapiga makofi. Bosi mmoja wa ng'ambo akauliza kama huenda ni kwa sababu ya mwinuko wa ardhi. Hatukucheka, swali la bosi halichekwi. Mwenzetu mmoja akaahidi kutafuta urefu wa Molo kutoka usawa wa bahari.

Jioni nikampigia mama.

"Mama, umekasirika na nani?"

"Nani amesema nimekasirika?"

"Mashine yetu."

"Hiyo mashine ilisikia vile nilimwambia yule msichana?"

"Ilisikia yote."

"Na wewe ulisikia?"

"Nilisikia, mama. Usijali kabisa. Nitakutumia kitu kidogo cha kutuliza moyo."

"Haya," akasema. Neno moja tu, na simu ikakatwa kwa heshima.

Nikamtumia thamosi ya chai. Nyekundu, ya lita mbili, yenye picha ya maua. Niliona nimefanya jambo. Kaka nilimtania, "Chunga, unaleta bomu nyumbani kwako, mama ana hasira ya kuzimu, kompyuta imethibitisha," naye akasema hiyo kompyuta ipelekwe hospitali ipimwe malaria.

Viazi vikavunwa. Jumamosi ya kuhama ikabakiza siku moja.

Ijumaa hiyo asubuhi nilifungua faili ya mzee mmoja wa Keringet. Nilijua ni wa Keringet kwa sababu mwenyewe alisema, mara mbili, na kwa sababu yule aliyekuwa akikata maswali alikuwa ameisahau faili hii. Ilikuwa nzima. Kwa mara ya kwanza, miezi yote hiyo, nilisikia swali.

"Ninapohamaki, hupoteza usingizi," msichana alisoma, kwa sauti ya kusoma risala. "Ni kweli ama si kweli?"

"Ninapo nini?"

"Hamaki."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nilisikia kidole kikigonga tableti, kama mtu anayetafuta msaada humo ndani.

"Si ni… kuhama, mzee. Ukihama. Hicho ni Kiswahili cha kitabu."

"Aaa, kuhama! Sasa umeongea. Mimi nimehamaki mara tatu. Ya kwanza nilikuwa mdogo, tulihamaki na mbuzi na sufuria moja. Ya pili nilikuwa na bibi na watoto, hiyo hatukubeba hata sufuria. Ya tatu ni vile nilirudi, nikakuta mtu amelima hadi kwa mlango. Andika hapo, msichana wangu. Andika vizuri. Ukinihamakisha tena mimi nitakufa."

Nilivua hedifoni.

Huku kwetu, mzee anayehesabu safari zake kwa sufuria haulizwi zaidi. Kila nyumba ina hesabu yake ya miaka ile ya kufukuzana. Lakini kuhamaki! Neno hilo nililijua. Kidato cha pili mwalimu wa Kiswahili alituandikia ubaoni, kuhamaki ni kupandwa na hasira kwa ghafla, na tukalitumia kwenye insha ili tupate alama, tukaliacha hapohapo darasani na chaki. Nani Elburgon anahamaki? Sisi tunakasirika. Tunashikwa na hasira. Tunasikia vibaya. Aliyeandika yale maswali alikuwa na Kiswahili kizuri kilichopigwa pasi, na nadhani hakuwahi kupita Gilgil kuja huku. Na yule msichana wa tableti, Kiswahili chake kama changu, alipokwama akakisia. Akaenda na makisio hayo boma kwa boma.

Kwa hivyo wazee wa milimani waliulizwa habari ya hasira, wakajibu habari ya kuhama. Silali. Sili. Moyo unapiga. Na sisi wataalamu, tuliozaliwa huko, tukawasikiliza kwa makini sana tukabonyeza hasira. Mashine masikini haikuwa na kosa. Ilisema tu kwamba hawa watu wana kitu kitakachowashinda. Jina la hicho kitu tuliitajia sisi.

Nikafungua tena faili ya mama. Najipata nimesimama hapo nje, naangalia ng'ombe. Ng'ombe ambao mnunuzi wao alikuwa aje Jumatatu.

Nikampigia supavaiza kwa video.

"Ngoja," akasema. "Unasema walikuwa wanaongea kuhusu kuhama nyumba?"

"Kuhama. Kwenda kabisa."

"Wangapi?"

"Wote walioulizwa na yule msichana. Wengine pia, nafikiri, maana hao vijana huulizana."

Alivua miwani akaifuta, ilhali ilikuwa safi. "Na nyinyi mko huko, ni watu wa huko. Miezi yote hamkuskia?"

"Tuliskia. Tulibonyeza hasira."

"Mungu wangu. Na mwinuko wa ardhi niliweka kwa ripoti."

Nimpe haki yake: yule dada hakunyamazia kosa. Saa hiyohiyo akawapigia mabosi, akawaambia ile orodha nyekundu si ya hasira, na swali liulizwe upya kwa neno ambalo watu wanalo mdomoni. Mimi nilikuwa na simu moja tu ya kupiga, ya kaka. Nikafua nguo. Nikapanga vikombe. Nikafua hata pazia. Saa kumi nikamtumia ujumbe: Kuna kitu nataka kusema kuhusu mama. Akajibu: Sema kesho, natafuta kamba.

Lazima uelewe, mimi sijawahi kumpinga kaka. Akisema kaa, nakaa. Akisema simama, nauliza wapi. Huo ndio umudu wa hisia tuliolelewa nao: mkubwa anaongea, mdogo anameza, na anayemeza vizuri anaitwa mtoto mwenye adabu.

Nilifika Elburgon saa tatu asubuhi, nimevaa masweta mawili. Nusu ya nyumba ilikuwa nje. Kitanda cha mama kilikuwa kimesimama kwa miguu miwili kwenye ukuta kama mtu anayekaguliwa na polisi. Kabati la vyombo lilikuwa kwenye nyasi, milango imefungwa kwa kamba ya katani. Lori lilikuwa limerudishwa kinyumenyume hadi karibu na mlango, na dereva alikuwa juu akipokea magunia. Kaka alikuwa amekunja mikono ya shati akitoa amri. Mama alikuwa kwenye kigoda, amevaa koti lake la kanisa na kitambaa kipya kichwani, anamimina chai kutoka kwenye ile thamosi nyekundu.

"Umechelewa," kaka akasema. "Shika godoro."

"Kaka, nataka tuongee kwanza."

"Ongea ukiwa umeshika godoro."

Nikashika godoro. Nikaanza kumweleza, huku uso wangu umefunikwa na pamba, habari ya swali, na faili iliyosahauliwa, na mzee wa Keringet. Ukiwa chini ya godoro, maneno kama "makosa ya tafsiri kwenye data" hayana uzito unaotarajia.

"Sasa mzee wa Keringet anataka nini na godoro la mama?" kaka akauliza.

"Si yeye. Ni kwamba mama alijibu vilevile. Mama hataki…"

"Mama ashasema ni sawa. Wewe ulikuwa kwa simu. Wewe ndio ulisema ni wazo la hekima."

"Nilikosea."

"Basi umekosea, na lori limekuja. Sukuma."

Dereva akaunyosha mkono. "Leta, boss, mvua inakuja hivi."

Na hapo ndipo nilipomwangalia mama. Alikuwa amemaliza kumimina. Hakuwa na kazi nyingine ya mikono, na macho yake yalikwenda zizini kwa ng'ombe, yakakaa huko.

Sikusukuma godoro. Nililiketia. Katikati ya boma, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, nikakaa juu ya godoro la mama yangu na kulia. Si kilio cha machozi mawili ya kiume yanayofutwa kwa kidole. Kilikuwa kile cha pua. Halafu nikaanza kupiga kelele, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia, ilikuwa nyembamba kama ya muuza karanga.

"Haendi! Kaka, haendi! Nilisema ni vizuri kwa sababu ya mukimo! Nilitaka mukimo karibu! Halali, hali, anaamka kuangalia ng'ombe, na mimi nimemtumia thamosi!"

Kuku walihama. Dereva akageuka akaangalia msitu, kama mtu aliyeona ndege adimu. Kama mashine yetu ingekuwepo pale, isingehitaji lebo.

Kaka alisimama na kamba mkononi. "Huyu ana nini?"

"Mwache," mama akasema.

Aliinuka kwa kushika thamosi na goti, moja kila mkono, akaja hadi tulipokuwa.

"Kumbe hukujua," akaniambia.

"Sikujua nini, mama?"

"Yule msichana. Aliniuliza kama nikihama nitalala. Akaniuliza kama nitakula. Nikasema, watoto wangu wanaona haya kuniuliza wenyewe, wametuma mtu. Nikamwambia yote. Ulisema niseme ukweli wote."

"Mama…"

"Halafu ukanipigia, ukasema umesikia. Ukaleta hii." Akainua thamosi kidogo. "Nikajua basi mmesikia, na mmekataa."

Kaka aliiachia kamba. Akarudi nyuma hatua mbili, akakalia kona ya kabati, na yule mtu wa mabomba akawa anaangalia viatu vyake.

"Mama," akasema baadaye, "si mimi ndio niko hapa. Si ungeniambia mimi."

"Wewe uliniuliza kama chumba chenye taili ni kizuri. Ni kizuri."

"Na ukianguka tena?"

"Nitaanguka kwangu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Basi niwekeeni mawe hapo kwa zizi, nisiteleze. Unauza mabomba, huna simiti? Lakini mimi sitaki kuhama." Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Sitaki. Babenu yuko hapo nyuma ya miti. Mkinipeleka kwa taili nitakuwa mgeni wa kukaa na miguu pamoja, nikingoja kuulizwa kama nimeshiba."

Kwa mbali kiwanda cha mbao kilipiga ule mlio wake wa kukata gogo, kikanyamaza. Kaka akapangusa uso kwa kiwiko, akalaumu vumbi, asubuhi yenye tope.

"Dere," akamwita. "Shusha."

"Nishushe?"

"Shusha yote."

"Boss, hii kazi yenu iko na maneno," dereva akasema, lakini alikuwa ameshaanza kufungua kamba.

Ungedhani tungerudisha vitu tulivyovitoa na kwenda zetu. Humjui mama. Maadamu nyumba ilikuwa tupu, akasema, kwanza ifagiliwe hadi kwenye pembe ambazo hazijaona ufagio tangu mazishi. Akataka kitanda kigeuzwe, kielekee dirishani. Akakumbuka ubao mmoja wa ukuta ulioingiza baridi, kaka akautafutia misumari. Dereva alipewa viazi vya kuchemsha na ufagio kwa wakati mmoja. Mama alikuwa ameshavua koti la kanisa, amejifunga leso kiunoni, anaamuru kwa kidole, na goti lake halikutoa maoni hata moja.

Tukiwa tumeshika kabati, kaka upande mmoja na mimi upande mwingine, kaka akapata wazo. Nililiona likija usoni pake kama maji yanavyokuja kwenye bomba.

"Lakini hawezi kukaa peke yake," akasema. "Na huyu kazi yake si ni ya laptopu? Net inashika hapa. Si ahamie hapa?"

Kabati likawa zito ghafla. Niliona chumba changu cha Free Area, pazia safi, dirisha ninalolijua kila ufa. Niliona baridi ya saa kumi na moja alfajiri na ng'ombe wawili wanaonitazama kama wanaojua alama yangu ya Kiswahili. Nikafungua mdomo kusema lile "sawa tu" ambalo kila mtu wa nyumba yetu hulisema.

"Wewe nyamaza," mama akamwambia kaka. "Mwenyewe yuko hapa, ana mdomo. Tumeuona leo." Akanigeukia. "Unataka kuja kukaa hapa? Nijibu mimi, usimwangalie huyo."

Alingoja. Kweli alingoja, mikono kiunoni, na matone ya kwanza ya mvua yakigonga mabati.

"Sijui, mama," nikasema. "Naogopa ng'ombe. Na sijui kama nitaweza kuamka."

"Haya, nimesikia. Fikiria hadi wiki ijayo, uje uniambie hapa, si kwa simu." Akapiga ubavu wa kabati kwa kiganja. "Sasa inua upande wako. Inua, baba, vyombo vyangu vinanyeshewa."